Kompyuta Inapoamka Bila Sauti

Msomaji wetu wa Masalani, kaunti ya Garissa, anaeleza kuwa akienda kuswali adhuhuri hufunika kipakatalishi chake. Akirudi na kukifunua, kazi yake yote ipo, alama ya sauti inapanda na kushuka, ila spika kimya. Akikiwasha upya, sauti inarudi. Fundi amemshauri abadilishe spika. Je, anunue?

La. Spika iliyokufa haifufuki kwa kuwasha mashine upya. Kilichopotea ni kumbukumbu ya chipu ya sauti. Kompyuta ikilala hukata umeme karibu kila mahali, ikabakiza kidogo kwa ramu, inayoshika kazi iliyo wazi. Ndiyo maana barua uliyokuwa ukiandika haipotei. Kanuni za usingizi huo, ACPI, zilitolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba.

Chipu ya sauti haimo katika mgao huo. Ndani yake mna rejista, vihifadhi vidogo vya maagizo: kasi ya kusoma sauti, mathalani mara 48,000 kwa sekunde, itokee spika au visikizio, amplifaya iwake au izimwe. Umeme ukikatwa, maagizo yanafutika.

Mfikirie mchungaji hodari wa Ijara ambaye kila akilala husahau kazi yake. Alfajiri mwenye ng'ombe humwambia upya: kundi lako hili, malisho kule, kisima kile, kisha fungua lango la zizi. Mwenye ng'ombe huyo ni kiendeshi, programu inayoiamuru chipu. Akiruka agizo la lango tu, mchungaji atapiga mbinja, ataita, kundi litajikusanya, na hatatoka hata ndama. Lango ndilo amplifaya. Alama ya sauti kwenye skrini haidanganyi: inaona ng'ombe wakisogea zizini, haioni lango.

Dawa ni kumfanya kiendeshi asome maagizo yote tangu mwanzo. Kwenye Windows, fungua Device Manager, bofya kulia kifaa cha sauti, chagua Disable, kisha Enable. Isipotosha, chagua Restart, si Shut down: tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kwa kawaida huweza kuhifadhi hali ya viendeshi diskini na kuirudisha vilevile. Tatizo likijirudia, pakua kiendeshi kipya kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta. Mashine za karibuni hulala kwa namna tofauti kidogo, lakini anzia hapohapo kabla ya kumlipa fundi.