Sikio Linalosubiri Dawa

Wahenga walisema kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Msemo huo hutumiwa kwa mtu aliyekwisha potoka, asiyefaa kuonywa tena. Lakini tukiuchukua kwa maana yake ya wazi, tukaupeleka Mabatini, kwenye nyumba zilizopanda juu ya majabali ya mji wa Mwanza, tutauona una upungufu. Yako masikio yanayoumwa ambayo yangesikia dawa mara moja lau yangeipata. Madaktari wapo na operesheni yajulikana. Fedha ya mnyonge ndiyo isiyofika.

Ugonjwa wenyewe huanza kwa jambo dogo. Mtoto hushikwa na mafua, na maradhi ya koo hupanda kwa mrija mwembamba unaounganisha koo na sikio. Usaha hujaa nyuma ya kiwambo cha sikio, hata kiwambo hupasuka. Aghalabu kidonda hicho hupona. Lakini mtoto asipotibiwa vema tundu laweza kubaki, na usaha ukatoka mwaka hata mwaka. Ndani ya kiwambo hicho mna mifupa mitatu, midogo kuliko mifupa yote ya mwili, nayo ni nyundo, fuawe na kikuku. Hiyo ndiyo ipelekayo sauti ndani. Maradhi yakidumu huweza kuila. Kwa wagonjwa wengine ngozi huota mahali isipopasa, ikala mfupa hata karibu na ubongo, na hapo linalohofiwa ni kifo.

Daktari bingwa, akitazama kwa darubini, huweza kuchukua utando mwembamba wa mgonjwa mwenyewe, kutoka karibu na sikio, akaziba tundu lile. Ugonjwa ukiwa umeingia katika mfupa ulio nyuma ya sikio, huuchonga na kuondoa uozo. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1971, imesimama kilimani katika mji huo huo wa Mwanza, nayo ina madaktari wa masikio, pua na koo. Huko Muhimbili, tangu mwaka 2017, watoto viziwi wamekuwa wakipandikizwa vifaa vya kuwawezesha kusikia, kazi ambayo hapo kabla iliwalazimu kupelekwa India. Basi hatuwezi kusema kwamba nchi yetu haina ujuzi.

Kwa nini basi mgonjwa wa sikio hukaa miaka bila kuchangiwa? Ni kwa sababu sikio halina mtetezi. Mtu akivunjika mguu, jirani wote huona, na jioni ile ile kofia hupitishwa. Sikio huoza kimya. Hata lugha yetu humsingizia mgonjwa, maana tukisema mtoto fulani hasikii, twamaanisha kwamba ni mkaidi. Huchapwa darasani kwa kutotii amri ambayo haikumfikia. Akiwa mtu mzima, akapata kibarua cha kupakia mizigo, hasikii mwenzake akipiga kelele kwamba gunia laanguka. Msimamizi humwita mzembe, na kesho yake huambiwa asije tena. Hivyo umaskini uliomnyima tiba humrudia kwa mlango wa pili, akawa hana tiba na hana kazi.

Wala wagonjwa hawa si wachache. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 430 wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada, na wengi wao mno wako katika nchi zisizo tajiri. Lilieleza pia kwamba karibu asilimia 60 ya upungufu huo kwa watoto watokana na sababu zinazoweza kuzuiwa. Usaha wa sikio ni mojawapo.

Watu wetu si wachoyo. Arusi ikitangazwa, kamati huundwa, na kila mtu huandikiwa fungu lake. Msiba ukitokea, chama cha kufa na kuzikana hufungua daftari, na sanda hununuliwa kabla jua halijatua. Desturi hizo ni njema na tusizitupe. Lakini yatupasa kujiuliza: ikiwa twaweza kuweka akiba ya kumzika jirani, twashindwaje kuweka akiba ya kumfanya asikie angali hai? Mchango wa sikio huanza pale mama mzazi anapozunguka mlango kwa mlango, cheti cha daktari mkononi, akisimulia dhiki yake kwa watu asiowajua. Anayejulikana hupata, na asiyejulikana hukosa. Hiyo ni bahati nasibu, na afya ya mwananchi haipaswi kuwa bahati nasibu.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni la Serikali. Wana haki ya kusema hivyo. Baada ya Uhuru wananchi walitibiwa katika hospitali za Serikali bila malipo, na uchangiaji wa gharama ulipoanzishwa mwaka 1993 iliwekwa pia njia ya kuwasamehe wasio na uwezo. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, nayo yataka uwepo mfuko wa kuwagharimia maskini. Kwa hiyo hatua ya kwanza si kupitisha kofia. Hatua ya kwanza ni kumsindikiza mgonjwa kwa mwenyekiti wa mtaa apate barua, kisha kwa Afisa Ustawi wa Jamii aliyeko hospitali, adai msamaha ambao taratibu zampa. Mtu asiyesikia vema hawezi kujieleza dirishani peke yake, naye akijibiwa kwa sauti ndogo huondoka bila kuelewa. Kumsindikiza hakugharimu shilingi, ila muda.

Hata hivyo msamaha haumalizi yote. Hubaki nauli, hubaki chakula, hubaki dawa isiyopatikana dirishani, na hubaki siku ambazo mzazi hakwenda kazini. Kibarua asipokwenda kazini halipwi, na watoto wengine waliobaki nyumbani wataka kula. Pengo hilo ndilo pahala pa mchango wetu.

Watu wa pande hizi hawana haja ya kufundishwa na wageni namna ya kuunganisha vidogo vikawa vikubwa. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wafanyabiashara. Wakaweka wapimaji wao wenyewe, wakaunda vyama vyao, na chini ya uongozi wa Paul Bomani vyama hivyo vikaungana mwaka 1955 kuwa shirikisho la ushirika la Victoria, lililokuja kuwa moja ya vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika. Walianza na mizani ambayo kila mtu aliweza kuitazama kwa macho yake.

Mfuko wa wagonjwa nao wataka mizani ya namna hiyo. Mchango uwe mdogo, wa kila mwezi, hata mwuza dagaa aumudu. Daftari lisomwe mbele ya wote, shilingi kwa shilingi. Gharama za tiba zilipwe hospitali moja kwa moja kwa stakabadhi. Jina la mgonjwa lisitangazwe barabarani, wala picha yake isitumiwe kuwatoa watu machozi, kwa kuwa umaskini hauondoi heshima ya mtu. Aliyesaidiwa naye aendelee kuchangia siku atakapoweza, ili asijione mwombaji katika mtaa wake.

Ndugu wanachama na wafanyakazi, kabla fedha yoyote haijakusanywa iko kazi ya kuanzia wiki hii. Kila balozi apite katika nyumba za shina lake aulize kama yuko mtoto au mtu mzima anayetokwa na usaha sikioni. Akipatikana, asitiwe mafuta ya moto wala unyoya wa kuku, apelekwe zahanati. Wengi wakiwahi, dawa za zahanati zitatosha, nao hawatahitaji kisu. Walio na tundu la siku nyingi waandikiwe kwenda kwa daktari bingwa, na majina yao yawe ya kwanza katika daftari la mfuko. Mkutano ujao wa tawi uanze na daftari hilo.