Karatasi na leza: vipimo rahisi vyatafuta soko

KARATASI ngumu, mfano wa ile ya maboksi yanayotupwa kila siku nyuma ya maduka, imeanza kuingia katika hesabu za biashara ya vipimo. Mwali wa leza unaweza kuichoma na kuigeuza kihisi cha kupimia kemikali kwa umeme, bila wino wala kiwanda kikubwa. Kwa wafanyabiashara, swali ni faida iko wapi na nani ataipata.

Jibu linaanzia kwenye biashara ya sukari, si ile ya dukani bali ya damuni. Mwaka 1987 kampuni ya MediSense ilitoa ExacTech, kifaa kidogo mfano wa kalamu, kilichopima sukari ya mgonjwa kwa umeme. Mwaka 1996 kampuni ya Abbott ya Marekani iliinunua MediSense kwa zaidi ya dola milioni 800. Thamani ya biashara hiyo haiko kwenye kifaa. Kifaa mgonjwa hukinunua mara moja, lakini stripu huitumia na kuitupa, na kesho hurudi dukani kutafuta nyingine.

Kwa kawaida stripu hizo huchapwa kwa wino wa kaboni au wa madini juu ya plastiki. Kazi hiyo hutaka wino maalumu, vyuma au nyavu za kuchapia na tanuri la kukaushia, na kila mchoro mpya ni gharama mpya.

Leza inaondoa sehemu kubwa ya msururu huo. Mwaka 2014 maabara ya James Tour katika Chuo Kikuu cha Rice, Texas, ilitangaza kwamba leza ya kawaida ya kukatia inageuza plastiki aina ya poliimidi kuwa grafini, yaani kaboni inayopitisha umeme vizuri. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazil, walichoma elektrodi moja kwa moja juu ya karatasi ngumu, kwa hatua moja na bila kemikali ya ziada. Mwaka uliofuata kundi la Tour lilionyesha kuwa hata kitambaa, viazi na vifuu vya nazi vinaweza kuchorwa kwa njia hiyo.

Utaratibu wenyewe si mgumu kueleweka. Joto la leza hufukuza hidrojeni na oksijeni iliyomo katika karatasi na kubakiza kaboni. Mchoro hutoka kwenye kompyuta, hivyo kuubadilisha hakuna gharama ya kutajika. Tone la maji au damu likiwekwa juu ya elektrodi, chombo kidogo hutia volti na kupima mkondo wa umeme unaopita. Dutu inayotafutwa ikiwa nyingi, mkondo nao hubadilika kwa kiasi hicho.

Leza inayohitajika ni ya gesi ya kaboni dayoksaidi, jamaa ya ile wanayotumia mafundi wa mihuri na kadi za harusi. Kwa maneno mengine, mashine si kikwazo kikubwa.

Hata hivyo, karatasi kuwa rahisi hakumaanishi kipimo kuwa rahisi. Kaboni peke yake haitofautishi kila kitu. Ili kutambua sukari au sumu fulani huongezwa kimeng'enya au kingamwili, na hivyo ni ghali na huharibika kwa joto. Karatasi nayo hunyonya unyevu, jambo ambalo wenye maghala ya Pwani wanalifahamu. Aidha, stripu ya kwanza na ya elfu moja lazima zitoe jibu lile lile, na karatasi za kiwanda hazifanani zote.

Mfano wa karibu ni mahindi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikafungua mpaka siku chache baadaye kwa sharti la cheti. Kiwango cha juu cha aflatoksini ni mikrogramu 10 kwa kilo, sawa na gramu 1 katika tani 100. Kipimo cha bei nafuu kinachoaminika kwa kiwango hicho kingemwezesha mchuuzi kujua hali ya mzigo kabla ya kulipia lori. Lakini forodhani kinachotakiwa ni cheti, na kihisi kisichotambuliwa na mamlaka za viwango hakitavusha hata gunia moja.

Wenye mitaji midogo wanayo sababu nyingine ya kuwa waangalifu. Kampuni ya Theranos ya Marekani ilikusanya zaidi ya dola milioni 700 kwa ahadi ya kupima damu kwa matone machache. Ilifungwa mwaka 2018, na mwanzilishi wake alitiwa hatiani kwa ulaghai mwaka 2022. Waliowapa fedha hawakuwa wajinga. Walinunua ahadi bila kuona kipimo kikifanya kazi.

Kabla ya kutoa shilingi, basi, mwekezaji na aulize mambo matatu: stripu ngapi kati ya mia zinatoa jibu sahihi, zinakaa muda gani dukani bila jokofu, na mamlaka gani imezikubali. Atakayeonyesha majibu hayo kwa maandishi ndiye mwenye bidhaa. Mwingine ana karatasi iliyoungua.