Sauti ya Marehemu Jukwaani: Mvuto na Kasoro za Bendi za Kukopi Naitiri

Naitiri ni kituo cha biashara kilichoko Tongaren, Kaunti ya Bungoma, katikati ya mashamba ya mahindi yanayoendelea hadi Trans Nzoia na mji wa Kitale. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilimilikiwa na walowezi wa Kizungu kabla ya kugawiwa wakulima Waafrika katika mipango ya makazi ya miaka ya 1960. Wabukusu, Watachoni, Wakabrasi na wengineo waliohamia huko walikuja kila mmoja na ngoma yake. Walichoshiriki wote ni redio, na ndani ya redio zile nyimbo za Kiswahili na Kilingala ambazo sasa huitwa zilizopendwa. Wengi wa waliozipa nyimbo hizo sauti wamekwisha kufariki: George Mukabi mwaka 1963, Franco Luambo Makiadi 1989, George na Wilson Peter Kinyonga wa Simba Wanyika 1992 na 1995, Omari Shabani na John Ngereza wa Les Wanyika 1998 na 2000. Anayetaka kuzisikia zikipigwa mbele ya macho yake hana budi kuiendea bendi ya kukopi. Makala haya yanachunguza anachokipata huko na anachokikosa.

Yafaa kupambanua kwanza. Si kila bendi inayopiga nyimbo za marehemu ni ya kukopi. Bana OK, iliyoongozwa na Simaro Lutumba baada ya TPOK Jazz kusambaratika, ilikuwa ya watu waliocheza na Franco mwenyewe. Vivyo hivyo Msondo Ngoma ya Dar es Salaam, ambayo chimbuko lake ni NUTA Jazz ya mwaka 1964, inapopiga nyimbo za waimbaji wake waliotangulia, inapiga mali ya nyumbani. Bendi ya kukopi haina nasaba hiyo. Wanamuziki wake wamejifunza kwa kaseti na redio, na pengine hawakumwona hata mara moja mtu wanayemwiga.

Mvuto wake si vigumu kuueleza. Zilizopendwa nyingi zilitolewa kwenye santuri ndogo za mizunguko 45, ambazo upande mmoja ulitosha dakika chache tu. Wimbo ulikatwa, santuri ikageuzwa, na sebene ikaanza upande wa pili wakati wachezaji wamekwisha kupoa. Bendi iliyo jukwaani haina kikwazo hicho. Mpiga gitaa huiunganisha sehemu ya kuimba na sebene, na kuirefusha kadiri wachezaji wanavyostahimili. Hapo msikilizaji hupata kitu ambacho santuri yenyewe haikuweza kumpa. Aidha, katika arusi ya Desemba, watoto wa Naitiri wanaporejea kutoka Nairobi na Eldoret, ni muziki wa aina hii unaoweza kuwainua bibi na mjukuu kwa pamoja. Bibi anaukumbuka, na mjukuu ameukuta nyumbani.

Kukopi ni shule pia. Mbinu ya gitaa la omutibo, ambayo kidole gumba hushikilia besi huku kidole kingine kikipiga sauti za juu, na chupa ya Fanta ikagongwa kuweka mwendo, haikuandikwa katika kitabu chochote cha mafunzo. Ilihifadhiwa na vijana waliokaa chini wakamwiga Mukabi hadi vidole vikazoea. Mwanawe, Johnstone Ouko Mukabi, ni mmoja wa waliozipiga nyimbo hizo kwa njia hiyo.

Kasoro huanza pale bendi inapoifanya santuri kuwa msahafu. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anafahamu kwamba fanani hatendi mara mbili kwa namna moja. Hadhira, mahali na tukio huugeuza utungo. Bendi ya kukopi huipindua kanuni hii. Utendaji mmoja, uliofanyika studioni Nairobi au Kinshasa siku moja tu, unageuzwa kuwa matini isiyoguswa, na hadhira inampima mwimbaji kwa jinsi anavyoukaribia. Lau mwimbaji wa awali angalikohoa siku ile, kikohozi hicho nacho kingaliimbwa hadi leo. Hadhira yenyewe ina lawama hapa, kwa kuwa ndiyo inayonung'unika gitaa likiacha njia.

Lugha nayo huumia. Mwimbaji asiyejua Kilingala hukariri sauti bila maana, na kila anayejifunza kutoka kwake huzisogeza mbali zaidi, mpaka Mkongomani hawezi kuzitambua. Kiswahili kina bahati kubwa kuliko hicho. Ndugu Kinyonga walitoka Tanga, na matamshi yao yanapoigwa Bungoma, wasikilizaji hukutana na Kiswahili cha pwani wakiwa katika starehe, pasipo mwalimu wala mtihani.

Kuna pia suala la riziki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda utunzi wa muziki kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Kwa hesabu hiyo, tungo za Mukabi zilitoka katika ulinzi mwishoni mwa 2013, ilhali za Wilson Peter Kinyonga zinalindwa hadi mwisho wa 2045. Kumbi zinapaswa kulipia leseni ili mrabaha uwafikie warithi. Katika arusi uwanjani, ambako jenereta na spika zimekodiwa kwa siku moja, ni nani atakayehesabu nyimbo zilizopigwa? Anayeumia karibu zaidi ni mpiga litungu wa kijiji hicho hicho, mwenye tungo zake mwenyewe za Kibukusu, ambaye huitwa kujaza nafasi wakati bendi inafunga nyaya.

Pamoja na hayo, kumbukumbu zenyewe zinaonya dhidi ya kuidharau kopi. "Shauri Yako" ulikuwa wimbo wa Nguashi N'timbo na Orchestra Festival du Zaire. Super Mazembe, Wakongomani waliohamia Nairobi katika miaka ya 1970, waliuchukua na kuurekodi upya kwa mwendo wao, na ni toleo hilo ambalo Wakenya wengi wanalijua na kudhani ndilo la awali. Mazembe hawakuiga tu, walitengeneza upya. Bendi za Naitiri hufika karibu na hapo bila kukusudia, hasa usiku ukiwa umekwenda, pale mwimbaji anapomaliza ubeti wa Wanyika kisha, juu ya gitaa lile lile, akaanza kuyataja majina ya wazazi wa bwana arusi, ukoo wao, na mto walioteka maji kabla ya kuhamia Tongaren. Maneno hayo hayamo katika santuri yoyote, na ndiyo yanayowafanya wazee watoe noti mfukoni na kwenda kumtuza.