Rangi ya Kahawia Ukutani: Ikae Wapi?

Nilipohamishiwa Kasese nilipewa nyumba ya vyumba viwili, kuta zake zimechakazwa na mikono ya waliotutangulia. Nikanunua rangi ya kahawia iliyokolea, nami kwa kiburi cha mtu aliyewahi kufundisha kazi za mikono, nikaipaka sebule yote Jumamosi moja, tangu sakafuni hata darini. Mama watoto alitazama asiseme neno. Jumatatu jioni nilimkuta binti yetu wa darasa la saba, mwenye mtihani mwezi wa Novemba, ameketi kizingitini na daftari lake. Alisema ndani haoni mistari. Na saa ilikuwa kumi na moja tu.

Kosa halikuwa la rangi, bali la mahali pake. Ukuta mweupe hurudisha chumbani zaidi ya robo tatu ya nuru inayoupiga. Kahawia iliyokolea huimeza sehemu kubwa. Nyumba zetu nyingi, za kambini na za kupanga, zina dirisha moja dogo, tena limefunikwa pazia ili wapita njia wasichungulie. Ukizidisha kahawia humo, utalipa kwa taa na kwa macho ya watoto.

Jina lenyewe la rangi hii limetoka katika kahawa, na wakulima wa milima ya Bwera hawahitaji kufundishwa daraja zake. Iko kahawia ya kahawa iliyokaangwa, na iko ile ya kahawa iliyotiwa maziwa mengi. Ya kwanza yafaa ukanda wa chini wa ukuta, kimo cha mita moja hivi, ambapo migongo ya viti, viatu na vidole vya watoto hufika. Hapo huficha mengi. Juu yake paka ile ya maziwa, na dari iwe nyeupe. Vitambaa vyeupe vya kufuma, ambavyo mama zetu hutandika juu ya makochi, hupendeza sana mbele ya ukanda huo.

Asiye na fedha za rangi ya dukani asikate tamaa. Muhokya, katika barabara ya kutoka Kasese kwenda Bwera, ni mahali panapojulikana kwa kuchoma chokaa. Chukua chokaa iliyozimwa, uikoroge kwa maji hata iwe nyepesi kama maziwa. Chekecha udongo mwekundu wa kahawia kwa kitambaa, utie humo. Kwa uzito usizidi sehemu moja ya udongo kwa kumi za chokaa, la sivyo ukuta utachafua nguo za kila anayeuegemea. Rangi ya udongo huo ni kutu ya chuma, nayo chokaa haiwezi kuila. Lowanisha ukuta kwanza, kisha upake mikono kadhaa myembamba, kila mmoja ukauke kabla ya mwingine. Usishtuke ukiiona imekolea ikiwa mbichi, kwani ikikauka hupauka sana. Jaribu pembeni kwanza. Hushika vema juu ya udongo na matofali, lakini si juu ya rangi ya mafuta. Na watoto wakae mbali, maana chokaa huunguza macho.

Wanaokaa karibu na mto Nyamwamba, uliofurika Mei 2013 na tena Mei 2020, wanajua ukuta ulionyweshwa maji. Usiupake upesi. Unyevu ukifungiwa ndani, rangi huvimba na kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua.

Tahadhari nyingine ni ya rangi kuukuu ya mafuta. Huenda ina madini ya risasi, yale yale yaliyoipa risasi ya bunduki jina lake, nayo hudhuru akili za watoto hata kwa kiasi kidogo. Usiikwangue kavu. Ilowanishe, kisha ukusanye mabaki yote na kuyatupa mbali na jikoni.

Nami ilinibidi kurudi dukani. Kahawia yangu ilipenya mkono wa kwanza wa rangi ya maziwa, ikapenya wa pili, ikanyamaza kwa wa tatu. Gharama yake nilimficha mama watoto hadi mwisho wa mwezi. Binti alirudisha meza yake chini ya dirisha. Mama watoto akasimama mlangoni, akatazama kuta zote nne, akasema, "Sasa mapazia."