Ndege za Taifa ni Amana

Hapana shaka kwamba taifa lenye ndege zake lina haki ya kujivuna. Sisi wa visiwani, tuliozungukwa na maji, tunalijua hilo kuliko wengi.

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilianzisha lake mwaka huo huo. Mwaka 2002 asilimia 49 ya hisa ziliuzwa kwa shirika la Afrika Kusini. Mwaka 2006 Serikali ikazirejesha mikononi mwake. Mwaka 2016 shirika likafufuliwa kwa ndege mbili mpya aina ya Q400.

Walakini, kushusha jahazi majini si kazi. Kazi ni kulitia kalafati kila msimu. Ndege iliyolala chini nayo hula: bima, kodi na mishahara havingoji abiria. Ndege za A220 zilipoegeshwa kwa matatizo ya injini, shirika liliumia. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu alionyesha hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 56 kwa mwaka wa fedha 2022/23.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wetu: kabla ya kuongeza ndege, iwekwe injini ya akiba. Kila njia ipimwe kwa abiria wake. Na pale safari ya hasara inapohitajika kwa ajili ya wagonjwa wa visiwani, gharama yake iandikwe wazi katika bajeti ya Serikali, wananchi waione. Mali ya umma ni amana, na amana ina siku ya kuulizwa.