Pampu 30 Si Ushahidi wa Hatari Sifuri

Swali hili limeulizwa mara nyingi mno, tena kwa kosa lilelile: "Tumefunga pampu 30, mwaka mzima hakuna iliyoungua, si tuandike kwamba hatari ni sifuri?" Huku Marangu na Kibosho, maji yanakoshuka kwa mserereko, jibu baya lisingemuumiza mtu. Tambarare ya chini ya Moshi, kuelekea Kahe, penye kisima cha pampu, jibu baya maana yake ni pampu ya akiba isiyonunuliwa na kijiji kukosa maji. Chanzo ni imani kwamba sampuli ikifika 30, fomula ya darasani inafaa popote: chukua uwiano, kisha ongeza na utoe kosa sanifu mara 1.96. Haifai. Ipe pampu 30, moja imeungua, nayo itasema uwezekano wa kuungua uko kati ya asilimia −3.1 na 9.8. Uwezekano gani huo ulio chini ya sifuri? Ipe 30 ambazo hakuna iliyoungua, itasema mpaka wa chini ni sifuri na wa juu ni sifuri. Fomula hiyo huegemea mtawanyo wa kawaida, nao hautulii mpaka zilizoungua zenyewe ziwe za kutosha. Ikiwa iliyoungua ni moja, hata pampu 300 haziiokoi.

Mbinu ya Clopper na Pearson ya 1934 inaipa moja kati ya 30 mipaka ya asilimia 0.1 hadi 17.2. Pasipoungua hata moja, gawa 3 kwa idadi: mpaka wa juu, kwa uhakika wa asilimia 95, ni karibu asilimia 10. Hali ni hiyohiyo nje ya pampu: chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilipoangamia Januari 28, 1986, safari 24 za mpango wa vyombo hivyo zilikuwa zimerudi salama. Kwa hesabu hiyohiyo, safari hizo hazikuwa zimeondoa uwezekano wa hatari inayofika takriban asilimia 12. Wapo wanaolalamika kwamba mipaka hii ni mipana mno. Upana umeletwa na uchache wa data, na ndio unaoonyesha akiba inayohitajika.

Basi, upesi: kwa kuhesabu nzima na mbovu, tumia mbinu ya Clopper na Pearson kama unataka tahadhari, au ya Wilson ya 1927 kama unataka mipaka myembamba zaidi. Kwa saa za kazi na hitilafu zisizotokana na uchakavu, tumia mipaka ya kai-mraba. Pampu inayoliwa na mchanga wa kisimani inataka mtawanyo wa Weibull. Na zile ambazo bado zinavuta maji ziingizwe kwenye hesabu pamoja na saa zake. Ukizitupa, umebaki kupima zilizokufa mapema tu.