Safari ya Eropleni Haianzi Angani

Kutoka uwanja wa ndege wa Nairobi mpaka ule wa Mombasa ni mwendo wa kilomita 420 hivi, yaani maili 260 na kidogo. Kwa barabara ni kama kilomita 480, maana barabara hufuata miji na sura ya nchi, bali eropleni hukata moja kwa moja.

Mtu ajuaye hesabu aweza kusema hivi: eropleni ya jeti huenda kilomita 800 kwa saa, basi safari hiyo ni ya dakika 32. Hesabu ni sawa, lakini safari sivyo ilivyo. Mwendo huo ni wa huko juu tu. Eropleni hutambaa kwanza uwanjani, ikangoja zamu yake, ikapanda polepole. Na kabla ya kufika hupunguza mwendo ili ishuke. Uwanja wa Nairobi uko futi 5,300 juu ya bahari, na wa Mombasa futi 200 tu. Kwa hiyo ratiba huipa safari muda wa saa moja hivi.

Mimi niliijua saa hiyo moja, nikaisahau iliyobaki. Alfajiri moja nililetewa habari ya kufa kwa mzee wa Mombasa aliyenifundisha kazi ya ukarani. Angezikwa baada ya sala ya adhuhuri. Nikaona iko eropleni ya saa nne na nusu asubuhi. Nitashuka saa tano na nusu, nafasi tele! Nikatoka nyumbani saa tatu. Motokaa zilisongamana njiani, nikafika uwanjani saa nne, mlango wa abiria umekwisha fungwa. Nilipata eropleni ya saa saba. Nilipoingia mjini, kaburi lilikuwa limekwisha fukiwa. Mwanawe akaniambia kwa upole, “Ndugu yangu, tulikungoja hata sala ikakimiwa.” Sikuwa na la kujibu.

Basi, ndugu msomaji, ihesabu safari tangu mlango wa nyumba yako hata mlango wa uendako. Weka saa moja na nusu ya kufika uwanjani. Saa moja na nusu ya kupimwa mizigo na kungoja. Saa moja ya angani. Na saa moja ya kuchukua mizigo na kuingia mjini, maana uwanja wa Mombasa uko bara, na mwenda kisiwani hana budi kuvuka Makupa. Jumla ni saa tano. Treni mpya iliyoanza mwaka 2017 hutumia muda upatao huo huo toka stesheni hata stesheni, nayo pia ina njia yake ya kuifikia.

Eropleni ni ya haraka kweli, lakini haimngoji aliyechelewa, wala maiti hangojei. Majuto ni mjukuu.